Kayaki ya pedeli yenye tanga: rivasi ina kazi, au ni urembo wa kulipia?

#1 Baba_Zuhura (Mtwapa), Ijumaa saa 2:40 usiku

Wadau, salaam. Kuna mzungu jirani yangu anahama na anauza chombo chake. Ni Hobie Tandem Island, ile kayaki ya watu wawili yenye mbawa mbili pembeni na tanga la kuviringisha kwenye mlingoti. Urefu mita tano na nusu na ushei, mbawa zikifunguliwa upana unafika mita tatu. Ukiiona kwa mbali utasema ngalawa imeenda ng'ambo ikarudi na miwani ya jua.

Bei tumeshaelewana. Kinachonisumbua ni pedeli. Ziko mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote ni za zamani, zinakwenda mbele tu. Mwenyewe ananiambia kuna mpya zenye rivasi na zinaingia humo humo. Nimepiga hesabu: mbili mpya, usafiri na ushuru juu, zinapita bei ya pikipiki mpya. Kazi yangu ni kuvua wikendi ndani ya mwamba, na kuwapeleka watoto juu kule horini maji yakijaa. Sasa niambieni: chombo cha tanga kinarudi nyuma kufanya nini?

#2 Dereva_Kigamboni, saa 2:44 usiku

Bodaboda haina rivasi na imejenga nyumba za watu. Bajaji inayo, na ndiyo inayogonga watu sokoni. Nunua chombo, ukitaka kurudi nyuma shuka usukume.

#3 Fundi_Mida, saa 3:15 usiku

Baba Zuhura, mimi nahangaika na hizi kayaki kila siku Watamu, kuzitengeneza na kuwatembeza wageni hori la Mida. Kabla watu hawajashikana mashati, tuelewane kwanza kitu chenyewe kinafanyaje kazi, maana hii si rivasi ya gari.

MirageDrive, ndilo jina la hizo pedeli za Hobie, haina pangaboi. Ina mapezi mawili chini ya kayaki. Ukisukuma pedeli yanafagia kulia na kushoto kwa kupishana, kama mabawa ya pengwini anayeogelea. Aliyeibuni, Greg Ketterman, ndiye huyohuyo wa TriFoiler, kile chombo cha tanga kinachoinuka juu ya maji. Kila pezi limevishwa kwenye fimbo ya chuma cha pua upande wake wa mbele, na upande wa nyuma ni laini, unajipinda. Ule mpindo ndio unaosukuma maji. Kwa zile za tangu 1997 fimbo haigeuki. Kanyaga polepole, kanyaga kwa hasira, chombo kinakwenda mbele tu.

Mwaka 2016 wakatoa ya 180. Hiyo ina kamba mbili fupi zenye vishikio. Ukivuta moja, fimbo zinazunguka nusu duara, upande laini unatazama omo, yaani mbele ya chombo. Mguu unaendelea kusukuma vilevile, ila chombo kinarudi kinyumenyume. Ukivuta ya pili, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Mwaka 2019 ikaja ya 360, ambayo inakusukuma hata ubavuni, lakini hiyo inataka kayaki iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo isahau. Ya 180 ndiyo ya kuzungumzia hapa.

Swali la kama unaihitaji nawaachia wengine walale nalo, nitarudi asubuhi.

#4 Swaleh_Muscat, saa 3:31 usiku

Huyo anayesema shuka usukume hajawahi kuvua kwenye maji ya mita thelathini.

Sikiza ndugu yangu. Huku Muscat tunavua na kayaki za pedeli, na samaki anayetutoa jasho ni hamour, yaani chewa. Chewa haendi mbali. Anakula chambo, anageuka, anaingia kwenye jiwe lake, anatanua mashavu na amekushinda. Una sekunde tatu nne za kumtoa. Mikono yako yote miwili iko kwenye fimbo, kafi huwezi kushika. Kama pedeli yako inakwenda mbele tu, kila ukikanyaga unampelekea mshipi ulegee na yeye anazidi kuingia ndani. Ukiwa na rivasi unavuta kamba, unakanyaga, chombo kizima kinamvuta. Wiki iliyopita nimemtoa mmoja hivyo. Mwaka juzi nilikuwa na ile ya zamani, na hadi leo nina ndoano zangu kumi na kitu zimelala chini ya jiwe moja hilohilo.

Kwa mvuvi, rivasi si urembo.

#5 Binti_Nungwi, Jumamosi saa 1:05 asubuhi

Swaleh kasema kweli, ila kajibu swali jengine. Hao wa Muscat wanavua na kayaki isiyo na tanga. Baba Zuhura kauliza chombo cha tanga.

Mie nimekulia kwenye ngalawa. Babu alikuwa navyo vyombo viwili, na sijapata kumuona akitamani kurudi nyuma akiwa na tanga juu. Chombo cha tanga kina tabia yake. Ngalawa kwa tanga lake la foromali (ule mti unaobeba tanga) ikibisha, yaani ikigeuka ili iukabili upepo, haipitishi omo kwenye upepo, inazunguka kwa tezi (nyuma), unapitisha foromali mbele ya mlingoti, ndiyo unakaa upande wa pili. Hizi za kisasa zinabisha kwa omo, na hapo ndipo balaa yao. Ni nyepesi, mbawa zinaburuta, ukigeuka kizembe chombo kinakwama katikati, omo umetazama upepo, tanga linapigapiga, huendi huku wala kule. Zamani dawa yake ilikuwa kushika tanga kwa mkono ukalisukuma upande wa upepo, chombo kikarudi nyuma kidogo kidogo, ukageuza usukani kinyume, ukasubiri.

Sasa mwenye pedeli afanye nini? Akanyage mbele mara tano tu! Omo unapita, tanga linajaa, safari inaendelea. Yaani ile hali moja ambapo wenye matanga walikuwa wanahitaji rivasi, pedeli ya kwenda mbele imeshaitibu. Hela hiyo nunua tanga la akiba.

#6 Dereva_Kigamboni, saa 1:20 asubuhi

Dada naomba namba ya babu.

#7 Baba_Zuhura, saa 2:02 asubuhi

Shukran dada. Kwa hivyo wa tanga hahitaji, mvuvi anahitaji, na mimi ni wote wawili. Mmenirudisha pale pale.

#8 Mswahili_Tampa, saa 7:48 mchana

Nimeamka nikakuta uzi mtamu. Mimi ni wa Bamburi, niko Florida, na nina pacha wa hicho chombo unachonunua, pedeli za zamani, mwaka wa sita sasa.

Huku kila Machi kuna mbio zinaitwa Everglades Challenge, za kama maili 300 kutoka Tampa Bay hadi Key Largo, vyombo vidogo visivyo na injini, siku nane uwe umefika. Hizi zenye mbawa haziadimiki humo. Mimi sijawahi kushindana, mgongo haunipi ruhusa, lakini vipande vyake nimevipita taratibu na familia. Ninachotaka kusema kinahusu maji ya kina kifupi, kwa sababu ndipo watu wanapodhani rivasi itawaokoa.

Ghuba ya Chokoloskee ni kama hori la kwetu, isipokuwa badala ya mchanga una mafungu ya chaza, makali kama wembe. Nilikuwa na tanga nusu, maji yanakupwa, naongea na mwanangu, nikasikia krrrr. Tumepanda fungu. Wazo la kwanza kichwani: laiti ningekuwa na rivasi! Kisha nikafikiri vizuri. Mapezi yananing'inia zaidi ya futi moja chini ya kayaki. Chombo kikishakaa juu ya fungu, hayo mapezi hayana maji ya kufagia, yana chaza. Mwenye rivasi angekanyaga pale angekunja fimbo zake. Nilichofanya ni kile ambacho kila mwenye pedeli hizi hufundishwa siku ya kwanza: sukuma pedeli moja mbele mpaka mwisho, mapezi yanalala bapa chini ya kayaki, kisha inua ubao wa katikati, inua usukani. Halafu nikateremka na viatu, nikasukuma. Dereva wa Kigamboni alikuwa sahihi, inaniuma kumwambia.

Ila sijamaliza. Siku nyingine tuliingia kijito cha mikoko, tumekunja mbawa, upana umepungua sana lakini urefu uko palepale. Matawi yakafunga juu. Mbele gogo limelala. Kugeuza chombo cha mita tano na nusu kwenye kijito cha mita nne haiwezekani, na kafi ukiinua linagonga matawi. Tulirudi nyuma kwa kushika mizizi ya mikoko na kujivuta, mimi na mwanangu, karibu nusu saa, na kila mzizi una kaa wake na mbu wake. Siku ile rivasi ningeinunua kwa bei yoyote.

#9 Swaleh_Muscat, saa 8:10 mchana

Haya. Na Baba Zuhura kasema anakwenda horini na watoto.

#10 Binti_Nungwi, saa 8:33 mchana

Kwani Mtwapa hori lake ni la mita nne? Pale zinapita boti za kitalii zenye ngoma na chakula.

#11 Baba_Zuhura, saa 8:41 mchana

Hori lenyewe ni pana. Vijito vya pembeni ndivyo vyembamba, na watoto wanavipenda hivyo hivyo. Lakini kinachonitisha zaidi ni mkondo. Bamvua likiwa linakupwa, maji yanatoka pale chini ya daraja kama yamefukuzwa.

#12 Pedeli_ya_Pangaboi (Dar), saa 10:15 jioni

Mbona hakuna anayetaja kayaki za pangaboi? Old Town wanazo, Native Watercraft wanazo. Kurudi nyuma unakanyaga kinyumenyume, basi. Hakuna kamba, hakuna kuvuta, hakuna darasa. Mguu wenyewe unajua.

#13 Fundi_Mida, saa 11:50 jioni

Ni kweli, na kwa kuvua tu ningemshauri mtu hivyo. Kwa tanga hapana. Pangaboi likikaa chini wakati tanga linavuta linakuwa kama ndoo unayoiburuta, lazima uliinue. Mapezi yakilala bapa ni kama hayapo. Na unaweza kukanyaga mapezi tanga likiwa juu, vikasaidiana, hasa kusi likiwa dhaifu asubuhi. Baba Zuhura ana chombo cha mapezi, tumsaidie hapohapo.

Niliahidi kurudi, basi nilete jambo ambalo naona wote mmelipita: usukani.

Chombo kinapokwenda mbele, usukani unafuata nyuma kama mkia. Kinaporudi nyuma, usukani ndio unaongoza, na maji yanaupiga kutoka upande ambao haukutengenezewa. Ukiuachia kidogo tu unapiga teke hadi mwisho wa pembe, chombo kinazunguka kama kuku aliyekatwa. Tena unageuza kinyume: tezi ndiyo inayofuata mkono wako, omo unakwenda kwake. Ongeza upepo. Omo wa hivi vyombo ni mwepesi na una mlingoti. Hata tanga likiwa limeviringishwa lote, mlingoti peke yake unashika upepo. Kurudi nyuma mita kumi ukiwa umenyooka, kaskazi likivuma, ni kazi ya kujifunza.

Nilishamkabidhi mgeni mmoja chombo chenye rivasi bila kumfundisha hayo, kosa langu mwenyewe. Akarudi nyuma kutoka gatini kwa nguvu zote, usukani ukapiga teke, pini yake ya plastiki ikakatika. Ile pini imewekwa makusudi ikatike ili usukani usivunjike, mkono wa ubawa nao una yake. Akabaki hana usukani, akapelekwa na maji ubavuni mpaka ubawa ukagonga nguzo. Pini ya pili. Mgeni alicheka. Mimi niliogelea.

Kwa hiyo atakayenunua rivasi anunue na pini za akiba, azifunge kwenye kamba ya kiti, asiziweke nyumbani.

#14 Mgeni_Uzini, Jumapili saa 3:00 asubuhi

Samahani wakuu, mimi sijui kitu, nauliza tu. Hicho chombo tanga likijaa kinakwenda kasi. Rivasi si inaweza kuwa breki?

#15 Binti_Nungwi, saa 3:12 asubuhi

Umeuliza vizuri mdogo wangu. Breki ya tanga ni kuachia demani, ile kamba ya kushikilia tanga. Kamba ikitoka mkononi, tanga linapoteza upepo, unaelekeza omo kwenye upepo, chombo kinasimama chenyewe. Ukianza kutafuta kamba ya rivasi hapo, unatafuta kitu cha pili na cha kwanza hujakiachia.

#16 Fundi_Mida, saa 3:40 asubuhi

Naongezea. Mapezi hayapendi kugeuzwa yakiwa na mzigo. Unatakiwa ulegeze miguu kwanza, uvute kamba, usikie fimbo zimekaa, ndipo ukanyage. Kwa mwendo wa tanga, mpaka ufanye yote hayo umeshafika ulikokuwa unaogopa kufika.

Lakini kwa mwendo wa pedeli peke yake, tanga limeviringishwa, unaingia gatini pole pole, hapo ni breki safi kabisa. Na kwenye nanga pia. Ukitupa nanga na kurudi nyuma kidogo, kucha zake zinauma mchanga. Wenye pedeli za mbele tu wanategemea upepo uwafanyie.

#17 Swaleh_Muscat, saa 4:05 asubuhi

Na mlango wa mwamba je? Mawimbi yanavunjika, unasubiri lile kubwa lipite. Sisi tunakaa nje, omo unatazama pwani, tunarudi nyuma kidogo kila wimbi likija ili lisitubebe.

#18 Mswahili_Tampa, saa 9:30 alasiri

Hilo nalikubali kwa maji marefu. Ukikaribia mwamba wenyewe, mapezi yako ndiyo yatakayougusa kwanza. Na usukani uinue kabla, kwa yale aliyosema Fundi.

#19 Binti_Nungwi, saa 10:02 jioni

Haya, nimesoma yote na nalegeza kamba kidogo. Mnachokisema nyote, gati, nanga, kijito, chewa, ni vya pale tanga limeshashuka. Safari ya maili kumi, rivasi ina kazi ya mita ishirini za mwisho. Ila vyombo vingi huumia hizo hizo mita ishirini, babu mwenyewe pondo lake, ule mti wa kusukumia chombo, halikuwa mbali na mkono alipokuwa anaingia bandarini, na pondo ni rivasi ya aina gani kama si hiyo.

Tena kuna watu Micronesia, vyombo vyao vina ubawa mmoja tu, na ubawa lazima ukae upande wa upepo siku zote. Wakitaka kubisha hawageuzi chombo. Wanahamisha tanga kutoka ncha hii kwenda ile, omo unakuwa tezi, wanakwenda zao. Kwao kurudi nyuma hakupo. Nimelitaja kwa sababu nalipenda, halikusaidii kitu Baba Zuhura.

#20 Fundi_Mida, saa 11:20 jioni

Baba Zuhura, chombo chako kina viti viwili na matundu mawili. Nani kakwambia lazima ununue mbili? Nunua moja ya 180, iweke tundu la nyuma unapokaa wewe nahodha. Ya mbele baki na ile ya zamani. Ukitaka kurudi, wa mbele anasukuma pedeli moja mpaka mwisho, mapezi yake yanalala, wewe unarudisha chombo. Nguvu ni nusu, lakini kurudi nyuma hakutaki nguvu, kunataka utaratibu.

Ubaya wake: wa mbele lazima atii. Akiendelea kukanyaga, mmoja anakwenda Lamu na mwingine Vanga.

#21 Dereva_Kigamboni, saa 11:24 jioni

Hiyo ndiyo ndoa.

#22 Baba_Zuhura, baada ya wiki tatu, Jumapili saa 1:15 usiku

Wadau nimerudi, na mrejesho ninao. Kabla ya kuagiza chochote nilimpata jamaa wa Kilifi mwenye 180, akaniazima kwa siku moja. Tumeiingiza tundu la nyuma, ikakaa vizuri.

Horini, maji yanajaa, hakuna upepo: raha tupu. Nimeingia kijito, nimetoka kinyumenyume bila kugusa mzizi. Zuhura amekaa mbele, nikamwambia "lala", anasukuma pedeli mpaka mwisho, tunarudi. Mara ya tatu alikuwa ananiambia yeye.

Mchana kusi likaamka. Nikajaribu gati. Nimeingia pole pole kama alivyosema Fundi, nikalegeza miguu, nikavuta kamba, nikakanyaga... chombo kikaenda mbele. Nilikuwa nimevuta ileile ya mbele. Tumegonga mtumbwi wa Mzee mmoja aliyekuwa ameketi anaparua samaki. Hakusema kitu. Aliinua kafi lake, akaliweka kwenye ubawa wetu, akatusukuma nyuma taratibu mpaka tukawa huru, akaendelea na samaki wake.

Nimeagiza moja. Na utepe mwekundu wa kufunga kwenye kile kishikio.

#23 Swaleh_Muscat, saa 1:22 usiku

Huyo Mzee umempelekea nini?

#24 Baba_Zuhura, saa 1:30 usiku

Kolekole wawili, jana jioni. Akaniuliza kama nilirudi nyumbani kwa mbele au kwa nyuma.